Futari ya Monsieur

Jumatatu, 2 Machi

Shule imefunguliwa. Zulfa ameondoka na begi lake, mimi nimebaki na nyenje. Boksi zima, wanaruka, wanalia. Nimewatia kwenye mfuko wenye unga wa kalsiamu, nikatikisa, wakatoka weupe kama vitumbua vya sukari. Mtu aliyefunga huona chakula kila mahali.

Monsieur ndiye mjusi. Jina amepewa na Zulfa, maana yake Bwana. Mjusi wa jangwani, bado mtoto, ana miiba kidevuni kama ndevu na jicho la mzee anayekudai heshima. Kaka yangu Idi alimnunulia binti yake kabla ya likizo kwa sababu alama zake zilipanda. Mimi sikuulizwa. Mama yetu kule nyumbani Buyenzi, akiona mjusi ukutani, alikuwa anavua ndala.

Naishi hapa ugenini Berchem kwa Idi tangu nipasuliwe goti. Yeye anaendesha basi, anatoka alfajiri. Zulfa anabaki shuleni kwa étude, masomo ya ziada, hadi jioni. Kutwa nzima ni mimi, goti langu na Monsieur. Niliachika miaka mingi iliyopita, na sasa tena kuna bwana wa kumpikia.

Masharti nimepewa mara tatu. Nyenje saa sita. Nyenje tena alasiri. Majani yasikosekane. Taa ya joto isiguswe, inajiwasha asubuhi na kujizima saa moja jioni. Nimemwambia Zulfa nimelea watu, sitashindwa na mjusi.

Jumanne, 3 Machi

Mvua nyembamba tangu asubuhi. Nimesogeza kiti hadi kwenye sanduku lake la kioo. Joto la taa linafika kwenye goti. Raha.

Nyenje wanaimba bafuni. Nikifumba macho naisikia Buyenzi jioni, mtu anapita nje anasalimia, mama anapuliza mkaa. Nikifumbua, ni Monsieur juu ya jiwe lake, mdomo wazi, anaota joto. Sikulala. Wala sikuwa macho. Siku za mfungo zina sehemu hiyo ya katikati, na mwaka huu imekuwa ndefu.

Saa sita nilimpa nyenje. Alisimama na mguu wa nyenje ukining'inia mdomoni, akanitazama. Kula mbele ya aliyefunga si adabu, tulifundishwa tangu wadogo. Naapa niliona haya machoni pake.

Jumatano, 4 Machi

Shule nusu siku. Zulfa amemlisha mwenyewe. Nimelala mchana kutwa.

Alhamisi, 5 Machi

Leo sikumpa. Saa sita nilifungua boksi, nikalifunga. Alasiri vilevile. Alikuja hadi kwenye kioo, akaniangalia, akarudi juu ya jiwe akafumba macho. Nikaona tumeelewana. Kutwa tulikaa hivyo, midomo imefungwa, taa inawaka. Sikumbuki lini nilikuwa na mwenzangu wa kufunga naye mchana.

Jioni nilimtoa, nikamkalisha kwenye kanga mwisho wa mkeka. Idi akagawa tende, mimi nikamwagia Monsieur nyenje kwenye sahani. Alikula kwa pupa kama tulivyokula sisi. Idi amecheka hadi supu ikampalia. Zulfa akapiga picha, akadhani ni mlo wa nyongeza tu. Sikumweleza, sikuona la kueleza. Alimsinzilia shangazi mapajani, na nilipomrudisha taa ilikuwa imeshazima.

Nina furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 6 Machi

Idi ameuliza tena habari ya dawa. Daktari alisema vidonge mara tatu kwa siku, pamoja na chakula. Nameza wakati wa futari na wakati wa daku. Cha mchana nakiacha. Idi anasema mgonjwa hafungi. Nimemjibu mimi si mgonjwa, nina goti tu. Akatikisa kichwa akaenda zake kuoga.

Mchana chumba kinaelea kidogo. Si vibaya. Mwanga wa taa unatanda ukutani, na mimi na Monsieur tunakuwa ndani yake kama watu walio kwenye maji ya uvuguvugu. Leo nimezungumza naye kwa sauti. Nimemsimulia harusi yangu, hata yale ambayo sijawahi kumwambia Idi.

Jioni amefuturu nasi tena.

Jumapili, 8 Machi

Zulfa yuko Liège kwa mama yake, kama kila wikiendi. Idi kazini. Tumefunga wawili.

Monsieur hakushuka kutoka kwenye jiwe. Majani yamenyauka hayajaguswa. Nimempenda zaidi kwa hilo. Nimeona anafunga vizuri kuliko mimi, kwa sababu mimi kutwa nilikuwa nawaza sambusa.

Jumatatu, 9 Machi

Kabla ya shule Zulfa alimpa Monsieur nyenje, naye Monsieur akageuza uso. Mtoto akachelewa tramu kwa kumbembeleza. Anaogopa kwamba nyenje wa boksi jipya ni wakubwa mno. Nimemwambia aende, mimi nipo.

Wakati wa futari amekula wawili. Wa tatu nilimsukumia mdomoni kwa kidole. Nguvu ya kukataa hakuwa nayo.

Jumanne, 10 Machi

Ametapika. Nimewakuta nyenje kwenye mchanga, wazima, miguu yote ipo. Wa jana jioni hao. Tumbo lake gumu. Ndevu zimekuwa nyeusi, na macho hayafunguki sawasawa.

Naogopa. Sikujua ningeogopa hivi kwa mjusi.

Zulfa alipoona alikaa sakafuni na koti lake, analia bila sauti. Anasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyechagua nyenje wakubwa dukani. Nilimwambia siyo. Nilimaanisha kumfariji tu.

Jumatano, 11 Machi

Daktari wa mijusi yuko Auderghem, upande wa pili wa jiji. Zulfa alipotoka shule mchana tukaenda. Tramu, halafu metro hadi mwisho. Monsieur nilimweka kifuani, ndani ya kanga, na chupa ya maji moto. Mara mbili niliona giza nikashika nguzo. Nadhani ni hofu.

Daktari ni mama wa Kibelgiji, mikono yake midogo. Akauliza anakula nini. Zulfa akajibu. Akauliza saa ngapi. Nikajibu mimi, kifua mbele. Nilimweleza kwamba tuko kwenye mfungo na Monsieur hatumwachi ale peke yake, anangoja jua lizame, anakula na familia mkekani, halafu analala.

Daktari akaeleza polepole, bila kunicheka. Mjusi hana moto wake mwilini, anaupata kwenye taa. Akila bila joto, chakula hakisagiki, kinaoza tumboni. Huyu ni mtoto, anatakiwa kula mchana, kidogo kidogo, na taa iwake saa kadhaa baada ya mlo wa mwisho. Aogeshwe maji ya vuguvugu kila siku. Akipata choo atapona. Asipopata... Hakumaliza sentensi.

Zulfa alinigeukia.

"Tantine, na midi? Midi ulikuwa unamupa?"

Nikasema saa sita mchana tulikuwa tumefunga.

Kwenye metro Zulfa alikaa kiti kingine.

Alhamisi, 12 Machi

Nimemwogesha kwenye beseni la kufulia. Hakuna choo. Nimempa maji kwa sindano isiyo na ncha. Saa sita nilimwekea nyenje wadogo, akawaangalia tu.

Jioni, chakula mbele yetu, Zulfa alimwambia baba yake kwamba Monsieur ataenda kwa Léo wa darasani mwao. Mama yake Léo yuko nyumbani mchana. Na kwao hawafungi. Idi aliniangalia, akasema sawa, Jumapili waje wamchukue.

Kwao hawafungi. Mtoto wetu kasema hivyo, amekaa kwenye mkeka wa futari. Imeniuma hadi kwenye meno. Nimekasirika naye, nimejikasirikia mimi zaidi. Mfungo ndicho kitu kizuri nilichokuwa nacho, nikamgawia Monsieur kwa mapenzi. Na mapenzi yenyewe yamemjaza tumbo uozo.

Ijumaa, 13 Machi

Beseni bafuni tena. Maji nimeyapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Monsieur amelegea, kichwa juu ya kidole changu. Nikainuka kuchukua taulo.

Halafu nilikuwa sakafuni. Katikati sina habari napo. Vigae baridi shavuni, nyenje wanaimba kwenye boksi lao, na mwanga mweupe unakuja na kurudi. Nilikuwa nimetulia kabisa. Niliwaza kwamba huenda hivi ndivyo anavyojisikia yeye taa ikizima. Baridi inaingia, na mtu hana hata hamu ya kuikataa.

Mlio wa maji ndio ulioniamsha. Nikajivuta hadi ukingo wa beseni. Alikuwa anaogelea kuzunguka, na maji yamechafuka. Amepata choo. Kingi. Nimelia kwa ajili ya choo cha mjusi, nimekaa chini, nundu kwenye paji la uso, na sijali.

Nilitaka kuficha, lakini nundu haifichiki. Zulfa alimwona Monsieur kwanza, ndevu zake zimerudi rangi ya mchanga. Akafurahi. Kisha akaniona mimi. Akaenda jikoni, akarudi na kikasha cha vidonge vyangu. Vya mchana vyote vimo. Akaviweka kwenye mkeka mbele ya baba yake, akakaa.

"Tantine, Monsieur hakujua kusema non," akasema. "Wewe unajua, lakini haupendi. Bon. Midi unakula na yeye. Kama haukuli, anaenda kwa Léo."

Nilimwambia mtoto hasemi hivyo na wakubwa. Nilimtazama Idi anisaidie. Idi alikuwa anachunguza tende yake.

Sikufuturu vizuri. Hasira, na aibu, na kitu kingine ambacho sitaki kukiandika kwa sababu kitaniliza tena.

Jumapili, 15 Machi

Nimefunga leo. Naamini ni saumu yangu ya mwisho kwa mwaka huu. Sikumwambia mtu. Léo ameambiwa asubiri.

Jumatatu, 16 Machi

Saa sita nilivuta mapazia. Nilipasha ndizi na maharage ya jana, na ndagala kidogo, dagaa wa kwetu. Nikaleta sahani mbele ya kioo.

Tangu hedhi ilipokatika sijala mchana wa Ramadhani. Hata zile siku zetu za wanawake, nilikuwa nakula nimejificha, nikitafuna polepole watu wasisikie. Tonge la kwanza lilikaa mdomoni muda mrefu. Nimemwomba Mungu anisamehe, halafu nikakumbuka kwamba Yeye ndiye aliyeniruhusu tangu mwanzo. Nikameza.

Monsieur alikula nyenje wanne. Mimi nilimaliza sahani, nikameza kidonge. Baada ya muda chumba kikatulia. Kuta zikasimama mahali pake. Sikuisikia Buyenzi, na nimeikosa. Tulikaa tu, tumeshiba, taa inawaka.

Jioni Zulfa amerudi. Hakuvua koti. Amepita moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akaangalia ndani. Halafu ndipo akaenda kumwona Monsieur.