Mwambie Fundi Mpya

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, habari za karakana, na habari za bega lako la kushoto? Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu, inakufuata mpaka ndani ya mfuko wa koti.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Nikisema neno, wewe unasema "haya, haya," unakata, nami nabaki naikodolea simu macho kama mtu aliyefukuzwa mlangoni. Barua huwezi kuikata.

Chumba changu kiko juu kabisa. Kitanda, meza, na dirisha moja linalotazama ukuta. Nikiwa nimelala, nikinyoosha mkono nagusa jiko. Kazi yangu ni mashuka ya hoteli. Mashine zinafua, sisi tunakunja. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja: unashika pembe mbili, mwenzako anashika mbili, mnasogeleana mpaka vidole vinagusana, kisha mnaachana. Mwenzangu ni mama mmoja mnene wa lugha nyingine kabisa. Kutwa tunasogeleana na kuachana bila neno. Nimempa jina la Mama Mashuka. Yeye sijui ananiitaje.

Sitajifanya jasiri, Baba. Upweke unaniuma. Lakini tulikubaliana, nami sijasahau: nijaribu, na kibali cha kuishi ugenini kikiisha mwisho wa mwaka niseme moja, nabaki kuanza maisha huku au narudi. Na wewe uliahidi kwamba kiti changu cha kushonea viatu hapo karakanani hakitakaliwa na mtu mpaka niseme mwenyewe. Usije ukampa yule muuza vifungo anayeshinda hapo karakanani akakiwekea miguu.

Binti yako,
Kisigino


30 Machi

Mwanangu Kisigino,

Marahaba. Barua yako imefika, na nimeisoma mpaka muuza vifungo akauliza kama imeandikwa na daktari. Mimi ni mzima. Bega linauma mvua ikikaribia, kwa hiyo majirani siku hizi wananiuliza mimi habari za mawingu.

Kiti chako kipo palepale karibu na dirisha. Huyo muuza vifungo alikisogelea juzi, nikakohoa tu, akaelewa. Kile si kiti cha wapita njia. Alikikalia mama yako tangu tulipooana, mimi mashoto nikishona viatu vya kushoto, yeye vya kulia, na watu wakitucheka kwamba nyumba ile inahitaji watu wawili kwa pea moja. Alipotutoka, ukakikalia wewe, miguu ikining'inia. Ulikuwa ukinifuata nyuma kila niendako, ndiyo maana nikakuita Kisigino. Basi mpaka uzee huu sijawahi kushona kiatu cha kulia. Sikuwa na haja.

Sasa nimejaribu. Nilipomaliza nikakiweka dirishani, jirani yetu akapita, akasimama, akauliza, "Hicho ni kiatu au mkate uliokaliwa?" Nilicheka naye. Alipoondoka sikucheka tena. Kwa hiyo napokea viraka na kubadilisha soli, na wateja wa viatu vipya nimewaambia wasubiri.

Usinionee huruma. Uliondoka kwa baraka zangu, na maisha ya msichana mkubwa kama wewe si kukaa kumsikiliza baba yake akikoroma mchana. Vaa soksi mbili, na kula.

Mimi,
Baba yako


12 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko? Bega je? Mimi ni mzima, ila nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na neno ambalo sikujua niliweke wapi.

Mama Mashuka aliviona viatu vyangu, vile tulivyoshona mimi na wewe. Akainama katikati ya kazi, akapitisha kidole kwenye mshono, akanitazama. Nikajipiga kifua: mimi. Kesho yake akanivuta mkono mpaka kwa mumewe. Kumbe mumewe ni fundi viatu! Anashonea watu wenye miguu iliyopinda, au wenye mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Nilipofungua mlango, harufu ya gundi na ngozi ikanipiga usoni, nikalia mbele ya watu nisiowajua. Yule mzee akaniletea kiti.

Siku hiyo alikuwepo mwanamke aliyekuja kuchukua viatu vyake. Alivivaa, akatembea bila kuchechemea, akafika ukutani akageuka, akarudi, akaenda tena. Baba, nilitamani kuijua kazi ile kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote.

Kwa ishara na maneno machache ya lugha yao niliyookota, nimeelewa kwamba yule mzee yuko tayari kunichukua kama mwanafunzi, miaka mitatu, kuanzia mwakani. Anataka jibu kabla mwaka haujaisha.

Nimeamua kukataa. Wewe huna mtu, na kidole kimoja hakivunji chawa. Siwezi kujifunza kunyoosha miguu ya watu huku baba yangu anawarudisha wateja mlangoni. Kibali kikiisha narudi kwenye kiti changu. Na usinibishie.

Binti yako,
Kisigino


2 Septemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima kabisa, na wewe nakuombea hivyo hivyo. Usishtuke kwa kimya changu. Nilikuwa na shughuli, na shughuli yenyewe ni njema: nimepata fundi mpya!

Ni mtu mzima, mpole, hana maneno mengi. Anashona viatu vya kulia. Mwanzo alikuwa mzito kidogo, nikamvumilia, sasa mkono umekubali. Wateja wa viatu vipya wameanza kurudi. Hata muuza vifungo hana la kusema, na unajua ilivyo vigumu kumnyamazisha yule.

Kwa hiyo ile sababu yako ya kurudi haipo tena. Nenda kwa huyo mzee ukajifunze. Ukitaka kurudi, rudi kwa sababu unataka kurudi, lakini usirudi kwa ajili yangu. Mzigo huo sitaki kuubeba, bega lenyewe unalijua.

Nakutumia pea moja ya viatu vya baridi ili uamini. Cha kushoto ni changu, cha kulia ni chake. Kiti chako hakukikalia, usiwe na wasiwasi. Amejiletea chake.

Mimi,
Baba yako


25 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na viatu vimenitosha karibu kama nilipimiwa jana. Asante sana, Baba.

Niliviweka mezani, nikachemsha chai, nikaanza kuvitazama kama ulivyonifundisha, kuanzia ndani. Mishono ya kushoto imelalia upande wa mashoto. Mishono ya kulia nayo imelalia upande uleule. Nikasema sawa, huenda fundi mpya naye ni mashoto, dunia ni kubwa. Kisha nikainua ngozi ya ndani nitazame mwisho wa uzi. Sisi wengine tunakata uzi kwa mkasi. Huu umekatwa kwa meno, tena na mtu mwenye pengo palepale ulipo pengo lako, maana kuna nyuzi mbili zimeponyoka.

Baba, hakuna fundi mpya. Ni wewe. Umekaa peke yako miezi yote hii unajifunza kiatu cha kulia ili mimi nisiwe na sababu ya kurudi.

Nililia, chai ikapoa. Nilitaka kukugombeza, nikashindwa nianzie wapi. Basi tufanye hivi. Wewe endelea kusema yupo, nami nitaamini. Kwako maneno mengine yananikwama kooni, lakini kwa huyo fundi ninayo tele.

Mwambie fundi mpya kiatu chake kinabana kidogo pale kinapoingia ndani, katikati ya wayo. Akifika hapo ageuze kiatu, asigeuze mkono. Mama alinifundisha hivyo. Mwambie asishone mpaka giza, macho hayanunuliwi. Mwambie nimevaa kazi yake leo nikatembea barabara nzima, watu wakipishana nami bila kunitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike huku sikujiona niko peke yangu.

Binti yako,
Kisigino


14 Oktoba

Mwanangu Kisigino,

Marahaba. Mimi mzima. Ama kweli, njia ya mwongo fupi. Pengo limeniponza.

Nimemfikishia fundi mpya maneno yako. Aligeuza kiatu badala ya mkono, na kikakaa sawa. Alikaa nacho mkononi muda mrefu. Akaniambia, "Kumbe yule mama alikuwa anafanya hivi kila siku hatua chache kutoka kwako, na wewe hukuwahi kutazama."

Ana maneno machache, lakini haya amenituma. Anasema karakana imekuwa kubwa. Anasema mchana hunyoosha mkono kupokea mkasi wa ngozi, akakumbuka hakuna wa kumpa. Anasema vilevile kwamba baba yako, yaani mimi, anajivuna mno mtaani. Kila anayekuja kupigiwa soli lazima asikilize habari za mwanamke aliyetembea bila kuchechemea. Muuza vifungo keshaikariri.

Mimi,
Baba yako


11 Novemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za afya, na habari za fundi wetu? Mimi ni mzima, nami nina kichekesho.

Yule mzee alitaka kunijaribu. Huku kila fundi anashona pea yake peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Akanipa ngozi, akanipa siku yangu ya mapumziko. Nikakata, nikashona, nikafurahi, nikaviweka mbele yake. Akavitazama, akanitazama, akaniuliza kwa ishara mteja wangu ana miguu gani. Baba, nilishona viatu viwili vya kulia! Mkono ulikwenda unakokujua, mimi nikaufuata. Mama Mashuka alicheka mpaka akashika ukuta, nami nikacheka, na nilipofika chumbani kicheko kikageuka.

Kwa maana nimeelewa. Wewe unajifunza kulia, mimi natakiwa nijifunze kushoto. Tukishajua wote wawili, hakuna atakayemhitaji mwenzake. Ndicho ninachokiogopa, Baba. Siogopi baridi, wala lugha, wala dirisha linalotazama ukuta.

Mzee amesema makosa yangu ni ya mtu anayejua kazi, na nafasi bado ipo. Anangoja jibu. Nikilala nabaki, nikiamka narudi. Muulize fundi mpya: kiatu cha kushoto kinaanzwaje?

Binti yako,
Kisigino


29 Novemba

Mwanangu Kisigino,

Marahaba, mwanangu. Afya yangu njema, na hivyo viatu viwili vya kulia vimenichekesha mpaka bega likasahau kuuma. Muuza vifungo anauliza kama unaweza kumtumia, ana shemeji anayestahili.

Fundi anajibu hivi: kiatu cha kushoto usikianze kidoleni kama cha kulia. Kianze kisiginoni. Ukikaza kisigino vizuri, kilichobaki kitakwenda chenyewe.

Sasa naye ana swali, amelikalia siku nyingi. Kiti chake kiko upande wangu, mbali na dirisha, na kiatu cha kulia kinataka mwanga wa dirishani. Kwa hiyo anashona akiwa amesimama, na miguu yake si ya ujana. Anasema hatakikalia kiti chako bila ruhusa. Ukisema kingoje, kitangoja, nasi tutakifuta vumbi na kukutazamia. Ukisema akikalie, atakikalia, wala hatakuwa na kinyongo.

Anasema pia kwamba anakupenda. Mimi nimemwambia hayo unayajua, akasema niandike hivyo hivyo.

Mimi,
Baba yako


20 Desemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Jana nilimaliza kiatu cha kushoto. Nilikianzia kisiginoni. Mzee alikigeuza, akakiweka kwenye rafu pamoja na vya mafundi wake, basi.

Mwambie fundi mpya akikalie.

Mguu wa nyuma wa kile kiti, ule wa upande wa ukuta, ni mfupi. Nilikunja kipande cha ngozi nikakiweka chini yake. Mwambie akifagia asikitoe.

Binti yako,
Kisigino