Vidonge kwenye Kopo la Vifungo

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa biolojia amenipa mada ya kueleza darasani: magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Yanaua watu wengi duniani kuliko ugonjwa mwingine wowote! Nilidhani ni ya matajiri. Kumbe wengi wanaokufa wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Na presha yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila mtu kuhisi lolote. Nikamfikiria Baba na presha yake. Lakini yeye anakunywa dawa — Mama humpa mwenyewe kila asubuhi, na maji juu.

Jumatano, 5 Machi
Baada ya shule nilipita kibandani kwa Baba, anaposhonea nguo. Akaniagiza kifungo cheupe cha shati. Napekua kopo — katikati ya vifungo, vidonge! Vya presha. Vingi. Baba akacheka, pini zimo midomoni. Eti vinampeleka chooni kila mara, na mteja hamngojei fundi anayekimbiakimbia. Kwa hiyo Mama akimpa kidonge hukificha kiganjani, anakunywa maji matupu. Huvinywa siku chache tu kabla ya kliniki, ili kipimo kisome vizuri. Na muuguzi humsifu! Nikamwambia, Baba, mweleze daktari, huenda akakubadilishia. "Daktari ndiye wewe," akasema. "Ila Mama asijue, atakosa usingizi bure."

Ijumaa, 7 Machi
Nimeeleza. Nimechora moyo ubaoni. Makofi!
Nyumbani nikarudia yote wakati wa kula, makusudi. Mama akasema, bahati yetu baba yako si mkaidi. Baba akainamia sahani. Tulipokuwa tunatoa vyombo akaninong'oneza: "Haya, umenishinda. Jumatatu naenda kliniki, nasema yote."
Jumatatu!

Jumatatu, 10 Machi
Hakwenda. Ana sare za kwaya za kumalizia kushona. Wiki ijayo, anasema.

Alhamisi, 13 Machi
Muuza viatu wa kibanda cha pili alikuja kuniita shuleni. Baba alikuwa anakata kitambaa, mkasi ukamtoka. Akainama kuuokota, akashindwa. Mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Mkono wa kulia — ule wa mkasi — umelala tu, kana kwamba si wake.

Ijumaa, 14 Machi
Wodini. Mama amesinzia kwenye kiti, nami naandika nimekaa kando ya kitanda. Baba anasikia kila kitu ila maneno hayatoki.
Daktari, mama mmoja mpole, alimuuliza Mama kama mgonjwa alikuwa anakunywa dawa zake. "Kila siku ya Mungu! Mimi ndiye ninayempa." Daktari akashangaa: basi dawa zile hazimtoshi, itabidi tumwanzishie kali zaidi. Amekwenda kuangalia faili, anarudi sasa hivi.
Nikamwinamia Baba. Nikamwambia polepole, nitasema.
Mkono wake wa kushoto ukapanda kwenye sare yangu, ukapapasa, ukashika kifungo cha kifuani. Amekibana kwa vidole viwili, kama anapokagua kama kimeshonwa imara. Machozi yanamtoka jicho moja. Ananizuia? Ananiruhusu?
Viatu vya daktari mlangoni. Mama ameamka, anajifunga khanga vizuri, anamtabasamia.
Baba hajaachia kifungo. Nasimama hivyo hivyo, nimwambie daktari —