Zamu Yangu Mezani

Alhamisi, 7 Oktoba 1976

Mafuta nimeyapasha juu ya bomba la joto la ukutani, taulo mbili mkobani, basi kutoka Akalla hadi Spånga, kisha treni mpaka mjini. Mvua. Darasani tulikuwa wanawake saba. Darasa ni la chama cha wakandaji. Sisi wapya hukandana wenyewe kwa wenyewe, kwa zamu, na Bi Gunvor huzunguka akitusahihisha vidole. Anataka tumwite Gunvor tu, ndiyo desturi mpya ya Waswidi hapa kwao. Ana umri wa mama yangu. Siwezi. Humu shajarani atabaki Bi.

Leo nimemkanda mabega Ingrid, ambaye ni mwanachama tayari ila bado huja kujizoeza nasi. Bi Gunvor kasema mikono yangu inasikiliza. Nimefurahi kama mtoto. Ilipofika zamu yangu ya kulala mezani nikasema nina mafua. Wiki iliyopita nilisingizia kichwa.

Jumatatu, 11 Oktoba

Tangazo langu la gazetini limeleta simu za wanaume tu. Hakuna hata mmoja aliyeumwa mgongo. Mmoja kaniuliza nimevaa nini. Nikakata. Mji huu una maduka ya mapazia mekundu yaliyoandikwa masaji mlangoni, na kinachofanyika ndani si masaji. Sisi tunaofanya kazi ya halali tunabeba aibu yao. Mie mweusi nabeba mara mbili.

Bwana Nyström, mwenye chumba ninachopanga karibu na stesheni ya Spånga, naye kasikia maneno. Kaja mwenyewe. Anataka kuona kadi ya chama ukutani kabla ya katikati ya Novemba, la sivyo nimrudishie ufunguo wake. Hakupandisha sauti. Ila aliitazama meza yangu ya kukandia kwa jicho baya sana. Meza yenyewe si yangu. Ni ya chama, huwaazima wanaoanza.

Alhamisi, 14 Oktoba

Nimemwomba Bi Gunvor anidhamini. Chama hakitoi kadi bila sahihi za wanachama wawili. Kakubali pale pale. Kisha akatoa sharti: hatii sahihi kwa mtu ambaye hajalala mezani. Anayekanda watu lazima ajue mkono wa mtu unavyohisiwa mwilini. Njia nzima ya kurudi nimetafuta kosa katika sharti hilo. Sikuliona.

Wenzangu wanadhani ni dini. Mmoja kajitolea kunitundikia shuka iwe pazia. Nimemshukuru. Si dini.

Jumapili, 17 Oktoba

Wanjiru kapanda na mandazi. Ni Mkenya, anaishi ghorofa ya chini, anahudumia wazee huko Spånga. Nikamweleza habari ya sharti. Kacheka mpaka machozi.

"Wewe Zuhura, si ulale tu! Kwani watakumeza? Mimi mtu akitaka kunikanda bure, nalala hata hapa kwa mlango."

Nikacheka naye. Hajui. Kahamia hapa mwaka huu, hakuniona na tumbo.

Jumatano, 20 Oktoba

Basi niandike, hakuna atakayesoma.

Mwaka jana mwezi wa nne nilijifungua mtoto wa kike. Aliishi mpaka alasiri. Mume wangu Idi alimzika na wenzake wawili, mie nikiwa bado kitandani hospitali. Wauguzi walikuwa wema. Walinifunga kifua maziwa yakauke, wakanipa vidonge, wakaniruhusu.

Kwetu Tanga mzazi haachwi hivyo. Mama angenikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akanichua mafuta, akanifunga mkaja tumboni, mpaka arubaini ipite. Aliyefiwa na kichanga hukandwa vilevile, tena kwa huruma zaidi. Mie sikukandwa na mtu. Tumbo lilirudi lenyewe. Tangu hapo sitaki mkono wa mtu juu yangu, hata wa Idi huwa naukwepa nikijifanya nina kazi. Naogopa nikiguswa sawasawa nitapasuka, na sitajua kunyamaza. Nadhani ndiyo maana nilijifunza kazi hii. Hapa mwenye mikono ni mimi.

Ijumaa, 22 Oktoba

Jana sikwenda darasani. Nilipiga simu nikasema naumwa. Nimeshinda na kijitabu cha kanuni za chama na kamusi pembeni. Usikande mwenye homa. Usikande mguu uliovimba kabla daktari hajauona. Funika kila sehemu usiyoikanda. Kanuni nzuri, zote nazijua. Hakuna inayosema mkandaji afanye nini na mwili wake mwenyewe.

Alhamisi, 28 Oktoba

Nilijaribu. Nikavua blauzi, nikapanda, nikalala kifudifudi. Ingrid akanishika bega, taratibu, vizuri kabisa, kama tulivyofundishwa. Nikateremka. Nilivaa blauzi ndani nje, nikakamata koti. Nikiwa mlangoni Ingrid akasema, bila kupunguza sauti, kwamba mie nawagusa wote lakini mikono yao kwangu ni michafu.

Bi Gunvor akamkemea. Nikatoka. Nililia ndani ya treni na sikujali nani ananitazama. Nina hasira na Ingrid. Zaidi kwa sababu, kwa alichokiona yeye, ana haki ya kusema vile.

Ijumaa, 29 Oktoba

Nimegombana na Idi. Anasema niachane na chama, kiwandani kwao wanatafuta mtu wa jikoni. Anasema nisijitese, yale mambo tulishayasahau.

Tulishayasahau na nani? Nikamuuliza hivyo. Akavaa viatu akaenda kutembea mvuani. Jina la mtoto halijatamkwa humu ndani tangu siku ile. Leo namchukia. Kesho sijui.

Jumatatu, 1 Novemba

Bwana Nyström kapita chumbani. Kautazama ukuta mtupu, kaondoka.

Nimeifuta meza ya chama kwa spiriti, miguu na yote, nikaikunja. Ikibidi kuirudisha, nitairudisha safi.

Alhamisi, 4 Novemba

Nilikwenda mapema, kabla ya wenzangu. Nikamwambia Bi Gunvor: iwe wewe, na iwe sasa hivi, kabla sijageuza mawazo. Akafunga mlango.

Nililala chali. Alianzia miguuni. Mikono yake mikubwa, mikavu, haina haraka. Nikahesabu mabaka ya dari. Alipofika tumboni akasimama. Mkandaji hulijua tumbo lililozaa.

Akaniuliza mtoto yuko wapi.

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Waliojua waliogopa, wasiojua hawakujua. Nikamwambia. Hakunipa pole. Akauliza anaitwa nani. Mwanaheri, nikasema. Akajaribu kulitamka, akakosea, akarudia, akakosea tena, mpaka akalipata. Kisha akaendelea kukanda.

Nilipasuka kama nilivyoogopa. Ilitoka sauti ambayo sikujua ninayo. Yeye hakuinua mikono. Alinikanda mpaka sauti ikaisha, akanifunika, akakaa kando yangu kwenye kigoda. Nilipofungua mlango niliwakuta wenzangu wote wamesimama ukumbini na makoti yao mwilini. Walikuwa wamefika kitambo. Hakuna aliyebisha hodi.

Bi Gunvor katia sahihi. Ya pili ni ya Ingrid. Kaomba kalamu mwenyewe, na macho yake mekundu kama yangu. Kadi inakuja wiki ijayo.

Mwili wote unauma. Nimekula sahani mbili za wali.

Jumapili, 7 Novemba

Theluji ya kwanza, haikukaa.

Nimemsimulia Idi yaliyotokea Alhamisi. Alikuwa jikoni anamenya viazi. Nikalitamka jina. Hakugeuka. Aliendelea kumenya mpaka viazi vikaisha, akanawa, akavua shati, akaenda kulala kifudifudi kwenye zulia la sebuleni. Hakuniomba kitu.

Nikapiga magoti. Mgongo wake umekaza wote, sijui alikuwa anaamkaje asubuhi. Lakini mgongo niliuacha kwanza. Nilianza na mikono, maana ndiyo iliyombeba kwenda kaburini. Alilia, na sikumnyamazisha.

Viazi tulivipika baadaye.