Goti Limepona, Lakini Siji Kugawa Shamba

Turiani

Mdogo wangu Zaina,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, marahaba, maana najua ukifika katikati ya barua hii utanuna na kuisahau. Hujambo na kifua chako? Maharage yameota au kuku wamekutangulia? Mimi mzima. Mjukuu wetu Rehema naye mzima, anafundisha shule, ananilisha wali mpaka najiona mkwe.

Nimeandika kwa sababu wewe ukipigiwa simu unaweka sauti ya nje, mlima mzima unasikia. Soma mwenyewe. Darasa la ngumbaru tulikaa benchi moja.

Umeniuliza mara tatu nakuja lini kugawa shamba la mama, mvua zimekaribia na watu hawajui msimu huu nani alime wapi. Kila mara nikakujibu goti. Zaina, goti limepona tangu mwezi uliopita. Nimekudanganya. Usinung'unike, endelea kusoma.

Kilichonishika ni mchezo wa kwenye kompyuta. Daktari aliniambia nikae, na mimi kukaa sijui. Siku ya tatu Rehema akanikuta bustanini kwa jirani napalilia mchicha wa watu. Ndipo akaniwekea huo mchezo nitulie. Nikamwambia ni mambo ya wasio na kazi. Na sura yake mbaya, ya kizamani, vidoadoa kama ukili uliosukwa na mvivu. Wewe mwenyewe ni kialama tu, panya ni herufi. Unashuka shimoni, ghorofa baada ya ghorofa, unaokota mkate, dawa, panga. Ukifa umekufa. Unarudishwa juu mikono mitupu, na shimo limejipanga upya, njia ya jana haipo.

Siku ya kwanza aliniua panya. Mimi niliyeua chatu kwa mpini wa jembe. Nikarudi kumtafuta, maharage yakaungua jikoni. Kesho yake yakaungua tena. Kila nikifa nasema basi, inatosha, halafu naona pale nilipokosea na vidole vinaanza vyenyewe.

Siku moja nikafika ghorofa ya sita, kifua mbele, mara nikaanguka bila kupigwa na mtu. Rehema akaja kutazama.

"Bibi, umekufa njaa. Na mfukoni una mikate tisa."

"Hiyo ya akiba."

"Akiba ya nani? Umeshakufa."

Nikamfukuza akapike. Lakini tangu hapo nakula mkate njaa ikibisha hodi tu, na sasa nimefika ya tisa. Nataka kuona chini kabisa kuna nini. Ndiyo hiyo sababu, cheka umalize.

Jana nikamweleza Rehema habari ya shamba. Akauliza kwa nini bibi mdogo, yaani wewe, asigawe. Nikasema hajui. Akauliza mimi nilijulia wapi. Unakumbuka mwaka mama alipolazwa nikagawa mimi, nikawapa mjomba na binamu yetu kipande kimoja, wakashikana mashati mbele ya watu. Mama hakuninyang'anya kazi hiyo. Msimu uliofuata akaniambia gawa tena.

Na wewe nimekukalia miaka yote. Ukigusa mpaka tu, nasema subiri nije. Hukuwa mjinga, mimi ndiye mchoyo. Nimeshasema, usiniulize mara ya pili.

Msalimie kaka yetu Selemani, mwambie mwaka huu mgawaji ni wewe, na akibisha mwonyeshe mstari huu, huu peke yake. Msalimie wifi yetu Mwantumu muuza ndizi. Asha, binti yako, mwambie abebe mimba yake polepole, aache kupanda ule mteremko na ndoo.

Mimi nitakuja kuvuna. Shamba gawa wewe. Asha mpe kile kipande cha karibu na maji, kwa sababu hali yake... hapana, nimeanza tena. Mpe unapotaka. Ukikosea watanuna msimu mmoja, na mwakani utagawa upya.

Ni mimi dada yako mkubwa, na ukubwa huo sijaugawa,
Mwajuma