Ncha ya Filamu

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, nasi hatujambo. Paa la studio halivuji tena. Mimi bado sijaolewa, wakikuuliza.

Baba macho yamefifia na siku hizi anachanganya watu, lakini kamera yake ya zamani haiachi. Unaijua: filamu inaingizwa kwa chini, na usipoikata ncha ikawa ndefu na nyembamba, inakwama. Kila nikikata mimi, anaipapasa kwa kidole gumba na kuguna, "Mdogo wako ndiye mwenye mkono."

Mimi ninayempikia na kumfulia, sina mkono! Wivu umenikaba, mdogo wangu, sikufichi.

Juzi nilikata taratibu, mkasi haukuruka hata kidogo. Baba akaipapasa ncha, akatabasamu.

"Kitindamimba wangu, umerudi lini?"

Nikamjibu, "Jana, baba."

Filamu ikaingia bila kugoma. Akanikalisha dirishani, akanipiga picha. Maisha yangu yote hajawahi kunipiga peke yangu.

Nimeisafisha. Nimetoka mzuri, nacheka. Ukija utaiona ukutani, lakini nakala sikutumii. Hiyo ni yangu.

Ni mimi,
Dada yako