Kwa Nafula, Waliyemwita Jini

Nafula rafiki yangu,

Tangu tukuzike kule Bungoma nilidhani nitakuwa na huzuni tu. Kumbe nimechanganyikiwa.

Unakumbuka mchezo wetu wa jini wa mto Sosiani? DO, yule afisa wa wilaya, alitupa kibali bila hata kuusoma vizuri. "Mambo ya majini? Hakuna siasa hapo, endeleeni." Ukapanda jukwaani na gauni jekundu la kubana, midomo umeipaka rangi, ukawavuta wanaume mtoni mmoja mmoja. Ukumbi ulishangilia! Lakini baadaye akina mama wa kanisa wakaacha kukusalimia, na walevi wakawa wanagonga mlango wako pale Huruma wakiita, "Jini, fungua!" Mbele yangu ulicheka. Halafu ukahamia kwa shangazi yako kule Cheptiret, na malaria ikakukuta huko.

Baada ya matanga, Barasa, kiongozi wetu wa mchezo, aliniletea lile gauni. "Sasa ni wewe." Nikalishika... sikuweza kulivaa. Nikaenda kumuuliza nyanya yako jini huyu mrembo alitoka wapi. Akashangaa.

"Mrembo? Kwetu zimwi lilikuwa mwanamume. Kijana mtanashati, ana mdomo wa pili kisogoni. Wasichana walimfuata wenyewe."

Basi nani alimgeuza mwanamke? Sisi? Mahubiri? Vile vitabu vya ng'ambo vinavyouzwa karibu na steji ya matatu, vyenye wachawi walio nusu uchi? Sijui, Nafula. Barasa anasema watu wanataka tu kuona mguu.

Nilimkatalia mpaka akakubali kuwa zimwi yeye mwenyewe, na suti na marashi. Jumamosi wasichana walimshangilia vile vile walivyokushangilia wewe. Alipogeuka wakaona mdomo wa kisogoni, wakapiga mayowe. Na unajua kilichofuata? Akina mama wale wale walimnunulia soda. Mmoja akamwambia, "Kijana, una kipaji."

Leo anatembea mjini, ni Barasa tu. Wewe, hata kwenye matanga nilisikia mtu akinong'ona, "Yule jini."

Sielewi. Nilitaka kufurahi, nikajikuta nalia nyuma ya ukumbi.

Pumzika, mpenzi. Nikisikia tena mtu akikuita hivyo, popote, hata kanisani, nitamsimamisha nimwambie ulikuwa nani: Grace Nafula, mwalimu wa nasari, aliyewafundisha watoto wa Huruma kuandika majina yao.

Wako,
Jerotich