Kabla Baba Mdogo Hajakuomba

Mume wangu mtamu, Tioti,

Nimelikunja shati lako la kazini, nikalikunjua, nikalivaa. Ndivyo nilivyo tangu uende Tarawa, kisiwani kwenu, kumzika baba yako. Majirani wa hapa Acocks Green, Birmingham, wananiona dirishani nikitabasamu peke yangu, kisha nikifuta macho.

Unakumbuka harusi yetu? Keki hata haijakatwa, binamu yako baharia akakusogelea, akashika koti lako jipya, akasema, "Bubuti." Ukalivua papo hapo! Nikadhani ni mzaha. Ukaninong'oneza kwamba kwenu Kiribati ndugu akikuomba kwa neno hilo, humnyimi. Kumnyima ni aibu kubwa. Binamu wa pili akaja mbio kuomba koti lilelile. "Umechelewa, limeshaombwa," ukamwambia, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Shangazi yangu tu hakucheka. "Wee Njeri, huyu atakugawa hata wewe!" Nami nikazidi kukupenda, bwana harusi wangu wa shati tupu kwenye baridi ile ya Birmingham.

Leo maneno ya shangazi hayanitoki. Jana kwenye simu ulisema Baba mdogo amewaita ndugu wote kwenye maneaba, ile nyumba yenu ya mikutano, Jumapili baada ya ibada.

"Ataniomba nibaki nitunze minazi ya baba," ukasema.

"Nawe utamjibu nini?"

Ukashusha sauti.

"Njeri wangu, si unajua bubuti?"

Najua, mpenzi. Ndiyo maana nakuandikia leo kwenye simu, ikufikie upesi. Moyo wako wa kutoa ndio ulioniteka. Siwezi kuulaumu leo. Na Baba mdogo amechoka, ninaelewa. Nitakuja tumsaidie, nikae mkekani panapokaa ukoo wenu, nijifunze lugha yenu zaidi ya hii "mauri" ninayokusalimia nayo kila asubuhi. Lakini tukae pamoja, turudi pamoja.

Wewe mwenyewe uliniambia siku ile, ukinivisha pete, kwamba sasa mimi ni ndugu yako. Basi ndugu yako anakuomba, kabla ya Jumapili. Bubuti, Tioti. Siombi koti. Nakuomba wewe.

Baba mdogo akisimama, mwambie kwa heshima zote kwamba amechelewa. Umeshaombwa.

Mkeo, ndani ya shati lako.